Kamera isiyo na kioo: kioo kipi hicho?

Jumamosi moja ya Julai, nje ya sali (ukumbi) ya harusi katika komini (mtaa) ya Kenya hapa Lubumbashi, mama mmoja wa upande wa bibi harusi alinishika mkono kabla sijaingia. Akaitazama kamera yangu, akauliza: "Baba, hii njo mirolesi, ao ni ile ya zamani? Sisi tunataka ya profesionele." Nikamjibu kwamba ni mirolesi. Akafurahi, akaenda zake kupokea wageni, hana swali lingine. Kijana aliyekuwa anachukua video pembeni yangu alitikisa kichwa kumuunga mkono, kana kwamba maneno yale mawili yana maana moja. Nimeyasikia yakichanganywa hivyo mara nyingi mno mwaka huu, na sasa naona watu wanapoteza pesa kwa sababu yake. Ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Mirolesi, kwa Kiingereza "mirrorless", isiyo na kioo, ni kamera ya kubadilisha lenzi ambayo ndani yake hakuna kioo cha kuakisi taswira kwenda kwenye kitundu cha kuchungulia. Unachokiona kwenye skrini au kwenye kitundu ndicho kihisi chenyewe, kile kibamba kinachopokea mwanga na kuufanya picha, kinachokiona wakati huo. Basi. Hakuna neno hapo linalotaja ubora, bei wala cheo.

Ugumu unaanza tunapoitia Kiswahili, maana "kioo" kwetu ni vitu vingi. Kuna kioo cha kujitazama, kuna kioo cha dirisha, na simu ikianguka tunasema kioo kimepasuka. Wapiga picha nao wakisifu lenzi husema "huyu ana kioo kizuri". Kwa hiyo ukimwambia mtu wa komini ya Kamalondo kwamba kamera yako haina kioo, anakuuliza kwa haki kabisa: sasa picha unaionea wapi? Mwingine alidhani lenzi yake imetengenezwa kwa plastiki. Hawa si watu wasiojua kitu. Wamelisikiliza neno kama lilivyo, nasi tunaolitumia kila siku hatujawaeleza ni kioo kipi.

Kukieleza ni rahisi ukiwa na kamera ya refleksi, ile ya zamani yenye kioo ndani, mkononi. Ninayo moja ya zamani, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawaonyesha hivi. Natoa lenzi, nageuza mdomo wa kamera kuelekea dirishani. Ndani kuna kipande cha kioo kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, kimelala mshazari kwa nyuzi 45. Mwanga unaoingia kwa lenzi unakigonga, unapanda juu kwenye kipande cha kioo kinene chenye pembe nyingi, ndipo unafika jichoni mwako. Nabonyeza kitufe: tak! Kioo kinaruka juu, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi, inafunguka nyuma yake, kisha kioo kinarudi mahali pake. Sasa weka jicho kwenye kitundu ubonyeze tena. Umeona? Pamekuwa giza. Anayepiga kwa refleksi haoni ile nukta yenyewe anayoipiga. Anaona kabla na anaona baada.

Hicho ndicho kioo kilichoondolewa. Na kilipoondoka, nafasi yake nayo iliondoka. Kwenye kamera za Canon za refleksi, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi ni milimita 44. Kwenye mirolesi zao za EOS R ni milimita 20. Nikon walitoka 46.5 wakafika 16. Mapengo hayo ndiyo habari yote: lenzi inaweza kukaa karibu zaidi na kihisi, na mafundi wa lenzi wakapata uhuru ambao hawakuwa nao. Pia ndiyo sababu lenzi ya zamani ya Canon inakaa vizuri kwenye kamera mpya kwa adapta, ambayo kazi yake kubwa ni kurudisha zile milimita 24 zilizopungua. Kijana anayeuza lenzi zake zote za refleksi kwa bei ya kutupa ili "aingie mirolesi" angeuliza hili kwanza.

Sasa niseme juu ya majina, maana hapa ndipo tulipopotezwa. Refleksi linatokana na Kilatini, kupinda kitu kirudi nyuma, kama mwanga unavyopinda kwenye kioo. Hilo ni jina la haki, linataja kilichomo. Mirolesi ni jina linalotaja kisichokuwamo. Hata simu yako haina kioo hicho, na Leica ya kwanza iliyouzwa mwaka 1925 haikuwa nacho pia, lakini hakuna aliyeziita hivyo. Jina lilikuja kwa kulinganisha na refleksi tu, kama vile nyumba ingeitwa "isiyo ya nyasi" kwa sababu majirani wote wameezeka nyasi.

Wafaransa wao wakasema hibridi, na sisi wa Kongo tuliosoma kwa Kifaransa tukalichukua. Kwa Warumi, hybrida alikuwa mtoto wa nguruwe jike wa kufugwa na dume la porini. Kwenye kamera walikuwa na maana ya mchanganyiko vilevile: unabadilisha lenzi kama kwenye refleksi, lakini unatazama kwa skrini kama kwenye kamera ndogo ya mfukoni. Kumbe vijana wetu wanajifunza pia kwa video za Kiingereza, na huko hibridi ni kamera, au mtu, anayefanya picha na video kwa pamoja. Neno moja, maana mbili, katika mji mmoja. Nimeshuhudia mwenye duka na mteja wakibishana robo saa nzima, mmoja akisema kamera hii ni hibridi na mwingine akikataa, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa lugha yake.

Lakini kosa linaloniuma kuliko yote ni kudhani kwamba kukosa kioo ndiko kuwa profesionele. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Nikon F, kamera iliyoifanya refleksi kuwa chombo cha waandishi wa habari duniani, ilitoka mwaka 1959, na tangu hapo wapiga picha wa vita, wa michezo na wa magazeti walifanya kazi na kioo ndani ya kamera zao kwa miaka zaidi ya hamsini. Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008, iliyofungua njia ya mirolesi za leo, ililenga watu wa kawaida waliotaka kitu chepesi. Sony A7 yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 ilikuja 2013. Canon na Nikon walingoja hadi 2018 kuleta za kwao za ukubwa huo. Na hata mwaka 2020, kamera ya juu kabisa ya michezo ya Canon, 1D X Mark III, ilitoka ikiwa bado na kioo chake. Kwa maana hiyo mirolesi ilizaliwa upande wa wanaoanza, ndipo ikapanda. Leo ziko za kila ngazi, kama magari.

Na neno profesionele lenyewe, asili yake ni kutangaza hadharani, kula kiapo. Lilikuwa la mtu. Tukilipeleka kwenye chombo, nadhani maana yake ya kweli ni hii: chombo ambacho kitu kimoja kikiharibika, kazi haifi.

Nalijua hilo kwa uchungu. Mwaka juzi nilipiga sherehe ya mahari na kamera ya bei ya chini, mirolesi kabisa, mpya, picha zake nzuri mno. Ilikuwa na nafasi ya kadi moja. Usiku nilipoiweka kadi kwenye kompyuta, haikusomeka. Fundi wa kwanza hakuweza, wa pili naye hakuweza. Nilirudisha pesa, nikazunguka kwa wageni nikiomba picha za simu zao. Binti mwenyewe alinihurumia. Baba yake hanisalimii hadi leo, na sina la kumjibu.

Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi, na ukiziwekea hivyo kila picha inaandikwa mara mbili. Zina mpira wa kuzuia vumbi na maji kwenye maungio. Betri ni kubwa: ile ya Canon R50 ya kuanzia ina mAh 1040 (kipimo cha chaji), ya R5 ya kazi ina 2130, na kumbuka mirolesi inakula umeme muda wote kwa sababu kihisi na skrini haviko usingizini kama kwenye refleksi. Siku ambayo umeme hakuna tangu asubuhi, hilo unalihisi. Kuhusu megapikseli, yale mamilioni ya nukta za picha ambayo kila mtu anayauliza: R50 ina 24.2, na R3, iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo na habari na kugharimu mara nyingi zaidi, ina 24.1.

Kwa hiyo swali linategemea unapiga nini. Picha za studio, mtu amekaa, taa unazipanga wewe: kamera ya kuanzia inatosha kabisa, weka pesa kwenye lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi). Ila uangalie pale juu pa kuchomekea flashi. R50 haina zile pini za zamani, na vifaa vingi vya bei nafuu vya kuwashia taa za studio haviwaki bila adapta ya Canon. Mwanafunzi wangu aligundua hilo mteja akiwa ameshavaa suti.

Mandhari na majengo, lile bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na mlima wake wa taka za madini, tripodi ikiwa chini: kamera yoyote nzuri. Mpiga picha Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, amefahamika duniani kwa kuunganisha picha za kale za kumbukumbu na picha zake za viwanda vilivyoachwa. Mbele ya kazi hiyo unajiuliza juu ya watu wale na mikono yao, wala hufikirii kamera.

Mpira kwenye uwanja wa klabu yetu ya TP Mazembe ni habari nyingine. Kamera ya kuanzia inapiga haraka, halafu baada ya picha chache za RAW, zile ghafi na nzito, inasimama kumeza, yaani kuziandika kwenye kadi, na goli linaingia ikiwa bado inameza. Ukitumia shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalosogea, kihisi cha kawaida kinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na mpira uliopigwa kwa nguvu unatoka umbo la yai. Sony A9 ya 2017 ilikisoma haraka kiasi kwamba kitundu hakikuwa giza tena unapopiga picha mfululizo, na A9 III ya 2023 inakisoma chote kwa mara moja. Hapo pesa unayolipa unaiona.

Harusi ndiyo ngumu, kwa sababu ina kila kitu. Kanisani ukimya wa shata ya kielektroniki ya mirolesi ni baraka. Padri anaongea, wala husikiki. Jioni salini, taa za LED za rangi, shata ileile ya kimya inachora mistari ya giza kwenye gauni jeupe, inabidi urudi kwenye shata ya chuma. Na lenzi inayouzwa ndani ya boksi, ile ya 18-45, ukivuta hadi mwisho inafunguka f/6.3 tu. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga mara kumi na mbili zaidi. Mara kumi na mbili! Mwenye refleksi ya miaka kumi na lenzi hiyo atarudi nyumbani na picha safi kuliko mwenye mirolesi ya jana na lenzi ya boksi.

Na vumbi letu la kiangazi, lile jekundu. Kwenye refleksi, kioo na shata vilikaa mbele ya kihisi. Kwenye mirolesi nyingi, ukitoa lenzi kihisi kiko wazi, kinang'aa zambarau na kijani, mbele kabisa. Canon EOS R ya 2018 ilifunga shata ukizima kamera, na Nikon Z9 ina ngao yake ya kukikinga, lakini nyingi za kuanzia hazina kinga. Usibadilishe lenzi barabarani mwezi wa nane. Ingia ndani, geuza mdomo wa kamera chini, badilisha.

Yule mama wa komini ya Kenya nilimpelekea picha baada ya wiki mbili. Alizipitia zote polepole, akamwita dada yake aje aone, kisha akasema: "Unaona? Nilisema, ni mirolesi." Nikafungua kamlango ka pembeni ya kamera, nikamwonyesha kadi mbili zimekaa bega kwa bega, nikamwambia zote mbili zina harusi ya binti yake, nzima. Alizigusa kwa kidole.

"Mama," nikamwambia, "siku ya mdogo wake, huyo utakayemwita, muombe akufungulie hapa."