Kalmegh, mmea mchungu unaosifiwa kwa ini na kinga: maswali na majibu

Ni mmea gani?
Ni mmea mdogo wa India na Sri Lanka, *Andrographis paniculata*. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huutumia kwa homa na ini. Thailand huutumia kwa koo na mafua. Yanayotumika ni majani na mashina, huvunwa mmea unapoanza kutoa maua. Wakati huo andrografolaidi, kiini cha uchungu wake, huwa nyingi. Majani yaliyokaa zaidi ya mwaka hupungua nguvu hata kama bado ni machungu, kwa hiyo usipime ubora kwa ulimi.

Huongeza kinga kweli?
Faida iliyoonekana kwa watu ni nafuu ya koo na kikohozi cha mafua, ukianza mapema. Kumeza kila siku ili "kujenga kinga" hakuna msingi.

Kipimo ni kipi?
Kwa mafua ya mtu mzima, Thailand hutumia andrografolaidi miligramu 60 hadi 120 kwa siku nzima, zikigawanywa mara 3 au 4, baada ya kula na kabla ya kulala. Hapa ndipo wengi hukosea: kapsuli ya miligramu 400 za unga haina miligramu 400 za andrografolaidi. Kopo lisilotaja kiasi cha andrografolaidi, liache dukani. Chai nayo haipimiki, kwa sababu kiini hiki hakiyeyuki vizuri majini. Siku 3 zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya. Usivuke siku 7. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kuleta ganzi na udhaifu wa mikono na miguu.

Na ini je?
Panya wa maabara waliopewa sumu ya ini walipata kinga fulani. Kwa binadamu ushahidi hautoshi, tena kuna onyo zito: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000, watu wenye VVU na wenye afya walipewa andrografolaidi kwa dozi zilizokuwa zikipandishwa. Lilisimamishwa kabla ya wakati. Kimeng'enya cha ini, ALT, ambacho huongezeka kwenye damu ini likiumia, kilipanda kwa baadhi yao, na mmoja alipata mzio mkali. Yaani dawa inayosifiwa kulinda ini inaweza kulichosha ikizidishwa.

Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, tafadhali usianze na mmea wowote. Huenda ni homa ya ini B, jiwe limeziba mrija wa nyongo, au dawa nyingine unayomeza. Pima ALT, bilirubini (rangi inayofanya macho yawe ya njano), na homa ya ini B na C.

Nani asitumie?
Mjamzito, anayenyonyesha, na aliyepandikizwa kiungo. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), aspirini au dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwani damu inaweza kuchelewa kuganda na presha kushuka mno.

Dalili gani ni za hatari?
Midomo kuvimba, vipele vya ghafla, kupumua kwa shida. Mamlaka ya dawa ya Australia imetoa tahadhari kuhusu mzio huu. Acha mara moja, kimbilia hospitali, na beba kopo lenyewe.