Hot Space ya Queen: mashabiki wanagombana, gitaa limehama

Kati ya albamu zote za Queen, bendi ya rock ya Uingereza, hakuna inayowagawa mashabiki kama Hot Space, iliyotoka Mei 1982. Hapa Dodoma wapenzi wa rock si wengi na karibu wote tunafahamiana: watumishi waliohamia na wizara zao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wazee wachache waliokulia kwenye kanda. Itaje tu hiyo albamu mbele yao uone. Wapo wanaosema Queen waliisaliti rock wakakimbilia disko. Wapo wanaoapa kwamba ndiyo kazi ya kijasiri kuliko zote walizowahi kufanya. Mimi ni fundi mitambo ya muziki, na kabla ya kukaa nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, nilipiga besi kwenye bendi za dansi. Kwa masikio hayo naona pande zote mbili zinalizunguka jambo moja bila kuligusa: kwenye Hot Space gitaa lilibadilishiwa kazi.

Tuanze na lilikotoka. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, anapiga gitaa alilolitengeneza nyumbani na baba yake, kazi waliyoianza mwaka 1963. Shingo yake ilichongwa kutoka kwenye mbao za meko ya zamani, na nyuzi anazipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza. May alikuwa akilirekodi gitaa hilo mara nyingi, sauti juu ya sauti, hadi mtu mmoja akasikika kama kundi zima. Yeye, mwimbaji Freddie Mercury na mpiga drams Roger Taylor walifanya hivyo hivyo na sauti za kuimba. Ile kwaya kwenye Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ni watu watatu tu, wamejirekodi tena na tena. Aliyeipenda Queen ya miaka ya sabini aliupenda huo ujazo, kila kona ina kitu, hakuna upenyo.

Halafu akaja John Deacon, mpiga besi, mkimya kuliko wenzake wote, na Another One Bites the Dust. Deacon alikuwa akiwasikiliza sana Chic, bendi ya disko ya Marekani, na ukiusikia wimbo huo utaelewa: besi iko mbele kabisa, drams ni kavu, gitaa linachungulia tu na kurudi. Ulikaa namba moja Marekani kwa wiki tatu mwaka 1980. Albamu iliyoubeba, The Game, ilishika namba moja Uingereza na Marekani pia. Kwa hiyo anayeniambia disko ndiyo iliyoiua Hot Space namuuliza swali moja: ule wa 1980 mbona unaucheza mpaka leo?

Hot Space ilirekodiwa Montreux kule Uswisi na Munich kule Ujerumani, kuanzia mwaka 1981 hadi mwanzoni mwa 1982, mikononi mwa Queen wenyewe na prodyuza Mack. Mercury na Deacon walitaka kuifuata njia ile ya besi hadi mwisho wake. Upande wa kwanza wa santuri, nyimbo tano, karibu wote ni wa kuchezeka. Staying Power inafungua kwa tarumbeta na saksafoni zilizopangwa na Arif Mardin, bingwa aliyefanya kazi na Aretha Franklin na Bee Gees. Shabiki aliyezoea gitaa la May limpokee mlangoni anakutana na wapuliza ala na besi ya kinanda. Naelewa kwa nini wengi walishtuka.

Ila sisi tuliolelewa na dansi la Tanzania tuna njia nyingine ya kuingilia. Kwenye dansi, magitaa yanagawana kazi: kuna solo linalopamba, kuna rithimu inayoshika mwendo, kuna besi, na bendi kubwa huongeza solo la pili. Mpiga solo ndiye mwimbaji anayemtaja jina katikati ya wimbo, ndiye watu wanayemtunza hela. Lakini mpiga rithimu akiyumba, ukumbi mzima unayumba. Nimekaa miaka mingi nikisawazisha sauti za kumbi za hapa mjini, na kitu cha kwanza ninachokiweka sawa ni besi na drams, cha pili ni rithimu. Solo namwekea mwisho. Queen ya zamani ilikuwa bendi ya solo. Hot Space ni bendi ile ile ikijaribu kuishi kwa rithimu.

Wimbo unaolionyesha hilo vizuri kuliko wote ni Back Chat. Deacon aliutunga, na rithimu akaipiga mwenyewe. Weka spika za masikioni usikilize mkono. Mkono wa kulia hausimami hata mara moja, unapanda na kushuka kwa mwendo ule ule, wakati vidole vya kushoto havikandamizi nyuzi moja kwa moja: vinagusa, vinaachia, vinagusa. Kwa hiyo unachosikia nusu ni noti na nusu ni mkwaruzo mkavu wa nyuzi zilizozimwa, na huo mkwaruzo ndio unaowachezesha watu. Ni kazi ngumu. Wapiga solo wengi wazuri ninaowafahamu hawawezi kuishika dakika nne bila mkono kukaza.

Nililijaribu hilo kwenye ukumbi mmoja kule Kizota, tukipima mitambo kabla ya harusi. Nilichukua besi, nikampa kijana anayepiga gitaa kanisani ile rithimu ya Back Chat. Baada ya muda akaniangalia, akauliza, "Kaka, solo inaingia wapi?"

"Solo baadaye, mdogo wangu. Shika hapo hapo, usiachie."

Akashika. Mpiga drams akaingia bila kuambiwa. Akina mama waliokuwa wakichambua mchele nyuma ya ukumbi wakatoka, mmoja bado ana ungo mkononi, wakaanza kucheza palepale kwenye saruji. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijua Queen ni nani.

Solo kwenye Back Chat ipo. May alibishana na Deacon hadi ikaingia, maana Deacon hakuitaka. Na kwa maoni yangu ni miongoni mwa solo kali kabisa alizopiga miaka ile, kwa sababu inaingia mahali patupu. Hakuna magitaa mengine yanayoizonga, hakuna kwaya. Ndiyo faida ya kuacha nafasi. Fundi mitambo yeyote atakwambia kwamba kujaza ni rahisi, kupunguza ndiko kunakohitaji moyo.

Sasa njoo kwenye jambo linalonishangaza zaidi katika ubishi huu. Karibu kila anayeiponda Hot Space huongeza maneno haya: "ukiondoa Under Pressure." Wimbo huo waliurekodi na mwimbaji David Bowie kule Montreux, ukatoka peke yake Oktoba 1981, ukashika namba moja Uingereza, na ndipo ukawekwa mwisho kabisa wa albamu. Wengi huuhesabu kama mgeni aliyepewa hifadhi. Lakini usikilize umejengwa na nini. Noti chache za besi zinazojirudia, mlio wa vidole vinavyoalishwa, kinanda kidogo, nafasi kubwa katikati. Gitaa la May linasubiri kwa muda mrefu kabla ya kupanda. Umejengwa kwa sheria zile zile za upande wa kwanza wa Hot Space. Kwa hiyo wale wanaouokoa Under Pressure na kuitupa albamu wanakipenda kile kile wanachosema hawakipendi, na ningefurahi sana kama wangekirudia kukisikiliza kwa mtazamo huo.

Hiyo haina maana kwamba wanaolalamika hawana hoja. Wanayo, na mahali ilipo napaona wazi. Body Language karibu haina gitaa kabisa. Mercury ameujenga juu ya besi ya kinanda, na besi hiyo haitembei, inazunguka pale pale bila kupata wa kujibizana naye. Kwenye dansi besi na rithimu huzungumza, mmoja anauliza mwingine anajibu. Hapa besi inauliza, hakuna anayejibu. Action This Day ya Roger Taylor ina tatizo jingine: mpiga drams mzuri kama yule amejificha nyuma ya drams za mashine zinazogonga kwa ukakamavu mwanzo hadi mwisho. Muziki wa kuchezeka unataka mpigaji anayechelewa kidogo hapa na kuwahi kidogo pale. Mashine za mwaka 1982 hazikujua hivyo. Dancer ya May naiona imekwama katikati, gitaa zito linataka rock, mdundo unataka kitu kingine, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.

Upande wa pili wa santuri ndio kimbilio la wahafidhina. Yupo mzee mmoja mstaafu wa reli, tunayemheshimu sana, mwenye kanda ya albamu hii aliyorekodiwa na rafiki yake Dar es Salaam. Majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya wino, na ya upande A yamefifia kidogo tu wakati ya upande B karibu hayasomeki kwa kushikwashikwa. Kila nikimpa shikamoo yake ananijibu marahaba na kunirudishia hoja ile ile: Put Out the Fire ina gitaa la kweli, Life Is Real ni wimbo wa mtu mzima, Las Palabras de Amor una kwaya ya Queen anayoijua. Life Is Real ni wa kumkumbuka John Lennon wa Beatles, aliyeuawa Desemba 1980, na Mercury ameuimba kwa upole usiosikika sana kwake. Las Palabras de Amor ulitungwa na May baada ya bendi kuzunguka Amerika ya Kusini mwaka 1981, ambako walijaza viwanja vya mpira. Nakubaliana na mzee kuhusu uzuri wa nyimbo hizo. Sikubaliani naye kwamba ndizo zinazoifanya albamu istahili kusikilizwa, maana nyimbo za aina hiyo Queen wanazo nyingi na bora zaidi kwenye albamu za nyuma.

Vijana wa UDOM wao wana kipenzi chao, Cool Cat, wa Mercury na Deacon. Mercury anaimba kwa sauti nyembamba ya juu wimbo mzima, taratibu, gitaa limelegea. Bowie aliwahi kuimba humo pia, akaomba sauti yake iondolewe. Hawa vijana hawakuipata albamu kwa mpangilio wa pande mbili. Wameipata kwenye simu, wimbo mmoja mmoja, hawana habari ya nani alimsaliti nani mwaka 1982. Nikiwauliza kama wanasikia usaliti wowote, wananiangalia tu.

Soko nalo lilitoa uamuzi wake, na si mkali kama inavyosimuliwa. Albamu ilifika namba 4 Uingereza na namba 22 Marekani. Baada ya The Game, hiyo ya Marekani ilikuwa poromoko kweli. Kule disko ilikuwa imeshachukiwa waziwazi. Mwezi Julai 1979 watu walikuwa wameziteketeza santuri za disko hadharani kwenye uwanja wa besiboli wa Chicago. Hata hivyo Body Language hiyo hiyo ilifika namba 11 Marekani huku Uingereza ikiishia namba 25. Septemba 1982 Queen walimaliza ziara ya Marekani, na wakiwa na Mercury hawakuwahi kurudi kufanya nyingine. Mashabiki wengi huitupia Hot Space lawama yote ya jambo hilo. Mimi naona ni mzigo mkubwa mno kwa albamu moja.

Ubishi wa aina hii si mgeni kwetu Wagogo na majirani zetu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoa huu huu na kuipeleka ilimba (marimba ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze duniani kote, alitoa Assembly mwaka 2002 pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Nimewasikia watu wazima wakisema gitaa na mashine zimemfunika, wakataka ilimba peke yake. Nimesikia wengine wakisema sauti ya Zawose imepata uwanja mpana zaidi. Maswali yale yale: chombo gani kiongoze, kipi kikae nyuma, na nani ana haki ya kukihamisha. Kwenye Assembly nasimama na wanaoipenda, kwa sababu sauti yake haijapoteza nafasi yake hata sekunde moja.

Na kwa kuwa Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, hapa kwetu kila mtu anajiona ana haki ya ndugu ya kumkosoa. Sioni ubaya.

Anayetaka kuupima ubishi huu kwa masikio yake asiishie kwenye albamu. Atafute onyesho la Queen la Milton Keynes, Uingereza, la tarehe 5 Juni 1982, wiki chache tu baada ya albamu kutoka. Lilikuja kuuzwa rasmi mwaka 2004. Kabla ya Staying Power, Mercury anawaambia watu kwamba watapiga vitu vipya na kwamba hawajaiacha rock, ni santuri tu hiyo. Kisha sikiliza kinachotokea. Tarumbeta hazipo, Deacon ameshika gitaa anapiga rithimu, besi ameachiwa mpiga kinanda, Taylor anapiga drams kwa mikono yake. Action This Day, ule uliokakamaa studio, unakimbia. Back Chat unamea meno. Nyimbo hazijabadilishwa noti, kilichobadilika ni nani anapiga na anapigaje. Mzee wa reli nilimpelekea nakala mwezi uliopita. Bado anasema upande B ni bora, ila ameniomba nimwandikie kwenye karatasi mpangilio wa rithimu ya Staying Power, ana mjukuu anajifunza gitaa.