Sekrenyi ni nini? Siku kumi za kujitakasa kwa Wanaga wa Kiangami

Sekrenyi ni sikukuu ya Waangami, mojawapo ya makabila ya Wanaga, na Wanaga ndo wale watu wa milimani kule kaskazini mashariki mwa India inapopakana na Myanmar, jimbo lao linaitwa Nagaland na makao makuu ni Kohima. Kwa sisi wa Afrika Mashariki eneo hilo sio geni kabisa kama tunavyofikiri, maana mwaka 1944 baada ya mapigano makubwa ya Kohima, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliokuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw, upande wa pili wa milima hiyo ya mpakani, kwahiyo wapo wazee wetu waliokanyaga matope ya huko.

Sasa ukiitafuta Sekrenyi mtandaoni utaletewa picha za wanaume wenye manyoya ya ndege kichwani na mikuki mkononi, unaangalia klipu mbili tatu unaondoka ukijua ni tamasha la ngoma kama mengine. Sivyo. Shughuli yenyewe ni kujitakasa. Kijiji kizima kinajisafisha, kisima, nyumba, mwili wa mtu, alafu na ujirani na vijiji vingine unatengenezwa, ndo mwaka mpya wa kilimo uanze watu wakiwa hawana mzigo wa mwaka uliopita. Manyoya na nyimbo vipo na vinapendeza sana ila vinakuja juu ya hilo.

Inaangukia mwezi wanaouita Kezei, ambao ni Februari, na siku hizi tarehe iliyozoeleka ya kuanza ni 25, inaenda siku kumi. Wengine wanaiita pia Phousanyi. Na kwa nini Februari, jibu liko shambani. Waangami ni watu wa mpunga, miteremko ya milima yao wameichonga matuta ngazi kwa ngazi na maji yanashuka kwa mifereji kutoka tuta la juu kwenda la chini, kazi nzito kwelikweli, na mwezi wa pili mavuno yashaingia ghalani na kupandikiza miche bado kabisa, hapo ndo kuna nafasi. Na ikishaanza sikukuu hakuna anayegusa jembe, kazi zote zinasimama mpaka iishe. Hii ya kusimamisha kazi usiichukulie kama likizo, kwa mila yao ni mwiko, na mwiko wa namna hiyo unakifunga kijiji chote kwa pamoja, ukienda shamba wewe mmoja umewaharibia wote.

Haya, siku ya kwanza. Ndani ya nyumba mama mwenye nyumba anachukua matone ya maji ya mchele kutoka juu kabisa ya mtungi, anayatia kwenye majani na kuyaweka kwenye nguzo tatu kuu za nyumba, hiyo inaitwa Kizie. Hakuna ngoma hapo, hakuna umati, ni mama na nguzo zake, lakini sikukuu ishafunguliwa. Kwahiyo anayefungua ni mwanamke, na hilo nalisisitiza kwa sababu ya kinachofuata kisimani.

Usiku wa kuamkia siku ya kuoga vijana wanaenda kusafisha kisima cha kijiji, na wakishakisafisha kinalindwa, mtu yeyote asichote tena, na wanawake hasa hawaruhusiwi kuyagusa yale maji usiku ule. Ukisoma leo hilo la wanawake linakukwaza, mimi linanikwaza, na sioni sababu ya kulifunika ili sikukuu ionekane tamu, ndivyo mila ilivyo. Alfajiri sasa wanaume wanaamka, wazee kwa vijana, wanateremka kisimani, wanavaa shuka mbili mpya, nyeupe inaitwa Mhoushü na nyeusi inaitwa Lohe, na yale maji wanajinyunyizia kifuani, magotini na mkono wa kulia. Tendo hilo wanaliita Dzuseva, na imani yake ni kwamba magonjwa, mikosi na mabaya yote ya mwaka yanaondoka na maji yale. Angalia hapo kwamba haitoshi kuoga maji yoyote, ni maji yaliyolala bila kuguswa, ndo maana kuna walinzi usiku kucha, mtu mmoja akitia kibuyu chake basi tena.

Wakirudi nyumbani kutoka kisimani ndo zamu ya jogoo. Ananyongwa kwa mikono mitupu, bila kisu, na akianguka wanatazama miguu yake, mguu wa kulia ukilala juu ya wa kushoto ni dalili njema. Matumbo yanatolewa na kutundikwa nje ya nyumba ili wazee wa kijiji wapite kuyakagua.

Hapo katikati kuanzia siku ya nne ndo raha yenyewe, siku tatu za kula na kuimba. Sehemu inayopendwa kuliko zote ni Thekra Hie, vijana wanakaa pamoja kutwa nzima wanaimba nyimbo za zamani, wameketi tu, mitungi ya pombe ya mchele na masahani ya nyama yanazunguka. Pombe yao inaitwa zutho, mchele unachipuzwa kwanza kama vile sisi tunavyotengeneza kimea cha ulezi, na kwa mtu wa pombe za kienyeji huku kwetu hatua zake hazitamshangaza hata kidogo. Chakula kingine utakachokikuta kwa Waangami ni galho, uji mzito wa wali uliopikwa na mboga za majani na vipande vya nyama, na kwenye meza za Wanaga pilipili ni ile kali kupindukia, usiipime kwa ujasiri. Ila nyimbo ndo muhimu hapa, maana ni mahali ambapo kijana anazijifunza kwa kukaa na wenzake wa rika moja saa nyingi mfululizo, na lugha yao ya Tenyidie inabaki na maneno ambayo sokoni hayasikiki tena.

Siku ya saba vijana wanaenda kuwinda. Kwa sasa hili limebadilika sehemu nyingine, kijiji cha Khonoma kwa mfano mwaka 1998 kilitenga msitu wake kuwa hifadhi ya ndege aina ya tragopan na uwindaji humo ukapigwa marufuku, na uamuzi huo ulitoka kwa wanakijiji wenyewe. Mimi naona ni uamuzi mkubwa sana kwa jamii ambayo heshima ya mwanaume ilipimwa kwa mawindo.

Siku ya nane ndo kilele, kuvuta lango. Vijiji vya Waangami vimejengwa juu ya vilima na zamani vita kati ya kijiji na kijiji vilikuwa vya kawaida, kwahiyo lango lilikuwa ulinzi na pia sura ya kijiji, ubao mzito unaochongwa kwenye mti mkubwa, una vichwa vya mithuni, ng'ombe wao wa milimani ambaye ni alama ya utajiri, na alama za mashujaa. Likishachakaa linachongwa jipya, alafu wanaume mamia kwa mamia wakiwa wamevaa kijadi wanalifunga kamba na kuliburuta mpaka kijijini huku wakiitikia kwa sauti moja, hakuna trekta. Siku hiyohiyo vijiji vinatembeleana, wale waliokuwa wakiviziana enzi za mababu wanapokeana kama wageni.

Kuhusu dini, takribani asilimia 88 ya watu wa Nagaland ni Wakristo kwa sensa ya 2011, wengi wao Wabaptisti, na makanisa kwa muda mrefu yalikuwa yanaiangalia mila hii kwa jicho kali, hasa pombe na jogoo, na serikali ya jimbo yenyewe ilipitisha sheria ya kupiga marufuku pombe mwaka 1989. Kwahiyo nyumba nyingi leo zinasherehekea kwa ibada, mlo na nyimbo, na matambiko ya kisima yanabebwa zaidi na wale wachache waliobaki kwenye dini ya asili.

Na usiichanganye na Hornbill, lile tamasha la Desemba 1 mpaka 10 kule Kisama karibu na Kohima, hilo lilianzishwa na serikali mwaka 2000 na linakusanya makabila yote uwanja mmoja kwa ajili ya wageni. Kila kabila lina lake nyumbani, Waao wana Moatsu mwezi Mei, Wakonyak Aoling mwezi Aprili, Wasumi Tuluni Julai. Anayetaka kuiona Sekrenyi inavyoishi kijijini wengi wanaelekezwa Touphema, kama kilomita 40 kutoka Kohima, kijiji kilichojenga nyumba za wageni kwa mtindo wa kienyeji, na kisimani alfajiri ile huendi na kamera mpaka wazee wakuruhusu.