Nimezima zote, fundi, na bado inachelewa

Wiki hii nimeisikia kauli hiyo mara nne, kwa watu wenye kompyuta zinazochelewa kuwaka. Mara ya nne ilikuja na mwalimu wa sekondari aliyepanda boda kutoka Kondele hadi dukani kwangu hapa mjini Kisumu, laptopu kwapani, jasho likimtiririka. "Omera, nimezima zote kule kwa Startup na bado inachelewa kuwaka." Nikamuuliza ninachowauliza wote: inachelewa kabla hujaweka nenosiri au ukishaweka? Akanitazama kama nimemuuliza ng'ombe hutaga wapi.

Sasa hebu niliandike, nikiulizwa tena niwe natuma linki tu.

Ile orodha ya Startup ndani ya Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, ni ya programu zinazofunguka ukishaingia. Zimepanga foleni mlangoni, zinangoja uandike nenosiri. Yote yanayotokea kabla ya hapo, yaani nembo ya kampuni, vidoti vinavyozunguka, skrini nyeusi inayokufanya uanze kusali, orodha hiyo haiyajui. Hapo ni BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows), kiini cha Windows, draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine), na huduma za chinichini ambazo hazimo kwenye orodha. Unaweza kuizima yote ikabaki kama mfuko wa mzazi mwezi wa Januari, na vidoti vikaendelea kuzunguka vilevile.

Tukapima kwa simu yake. Kubonyeza kitufe hadi mahali pa nenosiri: dakika 1 na sekunde 48. Nenosiri hadi mashine kutulia: sekunde 31. Alikuwa amepigana na hizo sekunde 31 muda wote huo. Na angetazama kona ya juu ya ukurasa uleule alimokuwa akizima vitu, angeona maandishi Last BIOS time na namba mbele yake. Kwake ilikuwa sekunde 14.2. Huo ni muda unaokwisha kabla Windows yenyewe haijashika usukani. Sijawahi kuona mteja aliyeitazama namba hiyo.

Lakini kinachonikera hasa ni ile safu ya Startup impact. Watu huisoma kama majibu ya maabara. Wakiona High, wanazima. Wakiona Low, wanasamehe. Mnajua High maana yake nini? Kwa kipimo cha Microsoft wenyewe, ni programu inayotumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa au inayosoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuanza. MB 3! Picha moja ya harusi kutoka kwa simu nzuri huipita hiyo. Low nayo ni chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300. Kwa hiyo programu ya MB 4 na programu ya MB 400 zinapewa jina moja. Nikamwambia mwalimu: ni kama wewe umpe A kila mtoto aliyepita alama 3, halafu mzazi aje kushangilia. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Tena safu hiyo inahukumu mwanzo tu. Programu inaweza kuingia kwa upole, ikaandikwa Low, kisha ikakaa siku nzima inakula ramu. Ukitaka ukweli, bofya kulia kwenye kichwa cha safu, uchague CPU at startup na Disk I/O at startup. Hapo utapata namba zenyewe badala ya maneno.

Kwenye menyu hiyohiyo kuna Disabled time. Nikaiwasha. Mistari kumi na moja, yote imezimwa tarehe 11 Februari, dakika zikifuatana. Mmoja ulikuwa programu ya tachipedi. Ndiyo maana alikuwa ametembea na mausi mfukoni miezi yote hiyo akidhani kusogeza ukurasa kwa vidole viwili kumeacha kufanya kazi kwa sababu ya vumbi. Mwingine ulikuwa ile inayonakili mafaili yake kwenda kwenye wingu. Tukafungua folda ya alama za Kidato cha Tatu kwenye wavuti. Faili la mwisho lilikuwa la Februari. Hakusema kitu, akavuta kiti akaketi.

Lakini kuzima si kufuta. Windows huandika tu pembeni kwamba hii isifunguliwe, na programu inabaki palepale. Nikairudisha ile ya tachipedi na ile ya wingu, mafaili yakaanza kupanda. Na mkizima ile ngao ya Windows Security msidhani mmezima ulinzi, wala msijisifu. Mmezima ikoni tu.

Vya kuzima bila kuniuliza: vya muziki, vya michezo, vya mikutano kama hufanyi mikutano, visasishaji vya programu uliyoitumia mara moja mwaka juzi. Vya sauti, tachipedi na wingu viacheni. Ukiona mstari umeandikwa Program, hauna ikoni wala jina la mwenyewe, usipige kelele kwamba ni virusi. Mara nyingi ni mabaki ya kitu kilichoondolewa, au njia ya faili yenye nafasi katikati ambayo mtu alisahau kuifunga kwa alama za kunukuu. Ukiona wscript, chombo cha Windows cha kuendesha hati za amri, inaita faili la ajabu ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya data za programu, hapo piga kelele, hasa kama flashi yako ilipitia saiba ukakuta mafolda yote yamegeuka shotikati. Kwa ukaguzi wa kweli natumia Autoruns, programu ya Mark Russinovich inayoorodhesha kila kinachojiwasha chenyewe, kwa sababu inaonyesha pia kazi zilizopangwa, huduma na draiva. Mstari wa njano maana yake faili halipo tena. Ukiwa mgeni, ficha kwanza mistari ya Microsoft, la sivyo utazima kitu tukutane dukani.

Turudi kwenye dakika 1 na sekunde 48. Laptopu ni ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, ramu GB 4, diski ya kuzunguka ya 5400. Mizunguko 5400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kwa wastani unangoja nusu yake. Ongeza muda wa kichwa cha kusomea kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, unabaki na miruko sitini hivi kwa sekunde. Windows ikiwaka inataka vipande maelfu, kila kimoja kona yake. Ni mama mmoja wa samaki pale ufuoni Dunga, karai moja, na basi zima la watalii limeshuka na kila mtu anaagiza mkia tofauti. Ukipunguza wateja wawili, karai bado ni moja. SSD, diski ya chipu isiyozunguka, haina kichwa cha kurukaruka, basi.

Kisha kwenye Task Manager nikafungua Performance, CPU, nikasoma Up time, muda tangu Windows ianze upya: siku 23. "Lakini naizima kila jioni!" Anaizima kweli. Tangu Windows 8 ya 2012 kuna Fast Startup: ukibonyeza Shut down, kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski na kuamshwa kesho, na uchovu wake wote wa jana. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Ndiyo, majina yako kinyume na akili, si mimi niliyeyachagua.

Na hapa nikiri jambo. Miaka mingi nimezima programu tano kwa mkupuo, nikawasha upya, mashine ikawa nyepesi, nikapokea pesa. Ni zile tano zilizosaidia, au ni ile Restart? Mara nyingi sikupima kati. Kuhusu Fast Startup yenyewe bado nayumba: nikiizima, mashine inaanza safi kila siku, lakini kwa diski ya kuzunguka kuwaka kunazidi kuchelewa, na mteja anarudi akidai nimemharibia.

Mwalimu SSD aliitaka, ila mshahara haujaingia. Nikamwachia Fast Startup ikiwa imewashwa, nikamwandikia kwa kalamu nyuma ya risiti: Restart kila Ijumaa. Mpaka mwisho wa mwezi atabonyeza kitufe, aende kuchemsha chai, na akirudi vidole viwili vitakuwa vinafanya kazi.