"Leteni Mkutano, Wazee Watie Saini, Yaishe"

Kila koo zinapopigana kaskazini mwa Kenya, ombi kwa mashirika yasiyo ya kiserikali huwa ni hilo. Kutia saini ndiyo hatua nyepesi kuliko zote.

Dhana potofu: Mkataba ukitiwa saini, amani imepatikana.

Tazama Wajir, koo zilipokuwa zikiuana mwaka 1992 na 1993. Kabla wazee hawajakaa, kina mama wa sokoni walikubaliana kwamba hakuna atakayezuiwa kuuza au kununua kwa sababu ya ukoo wake, wakaunda kamati ya kulisimamia hilo. Kisha wakawaendea wazee. Kikao kikaongozwa na mzee wa ukoo mdogo usiokuwa vitani, likatoka Azimio la Al Fatah mwaka 1993. Wengi husimulia hadi hapo tu. Lakini azimio lilishika kwa sababu kulikuwa na watu wa kukimbilia tukio jipya kabla halijazaa jingine, na mwaka 1995 kamati ya amani ya Wajir ikaingizwa chini ya kamati ya maendeleo ya wilaya, chombo cha serikali.

Ngamia wakiibwa usiku, nani atafuata nyayo alfajiri? Nani atahesabu wanaorudishwa, mbele ya mashahidi gani? Diya (fidia ya damu ambayo ukoo wa muuaji huulipa ukoo wa aliyeuawa) atailipa nani, kwa awamu ngapi, mwisho lini? Mkataba usiojibu hayo huwaachia vijana wayajibu kwa bunduki. Ndiyo maana fungu kubwa la bajeti liwe la mafuta ya gari na vocha za simu za miezi baada ya mkutano, si la ukumbi na pilau. (Wafadhili hupenda picha za ukumbini. Wavumilie.)

Dhana: Shirika ndilo mpatanishi. Shirika halina ukoo wa kuulipisha wala askari wa kumkamata mtu. Lilete nauli, mahali pasipo pa upande wowote, mwandishi wa kumbukumbu, na kina mama na vijana ambao wazee wangewasahau.

Dhana: Posho nono huleta wazee. Huleta wanaojiita wazee. Nauli na chakula vinatosha, kiwango kimoja kwa pande zote, kitangazwe hadharani.

Dhana: Diya ikilipwa, kesi ya mauaji imekufa. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua usuluhishi wa kimila, ila usikiuke Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilipokubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia kupatana, aliyeiomba mahakama ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si wazee.