Huduma ya filamu za familia kwa malipo ya mwezi: maana yake

Mtu wa Tanga aliyezoea kupeleka flashi kwa kijana wa laibrari kule Ngamiani, akajaziwa muvi kumi na kurudi nazo nyumbani, anaifahamu vyema biashara ya kununua filamu: hulipa mara moja, huondoka na mzigo wake, na akipenda huutazama mpaka flashi yenyewe ife. Huduma ya kutiririsha filamu kwa malipo ya mwezi ni biashara ya namna nyingine. Mteja wake hanunui filamu hata moja, bali hulipia ruhusa ya kuingia ghalani na kutazama atakacho kwa muda aliolipia, na malipo yakikoma mlango hufungwa, hata kama jana yake alikuwa amefika katikati ya hadithi. Inafanana zaidi na kifurushi cha king'amuzi, isipokuwa kwenye king'amuzi ratiba hupangwa na kituo, na huku hupangwa na mtazamaji mwenyewe.

Vijana husema kustrimu na wazee husema tu kuangalia onlaini, lakini neno kutiririsha linaeleza jambo lenyewe lilivyo, kwa sababu filamu haiji nzima. Kwenye seva, yaani kompyuta za huduma zinazohifadhi filamu, imekatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimehifadhiwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Programu iliyo kwenye simu au runinga huomba kipande kimoja baada ya kingine huku ikipima kasi ya mtandao, na mtandao ukilegea huomba kile chepesi. Ndiyo maana uso wa mhusika hugeuka ghafla kuwa miraba miraba, kisha ukarudi kung'aa. Kiduara kinachozunguka katikati ya kioo maana yake ni kwamba vipande vilivyofika vimekwisha kutazamwa na kinachofuata kiko njiani. Njia yenyewe ni ndefu, maana sehemu kubwa ya mtandao wetu hupita kwenye nyaya za chini ya bahari, zikiwemo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoifuata mwaka 2010, na zote mbili zilipopata hitilafu mwezi Mei 2024, hata ujumbe wa kawaida ulikuwa wa kubahatisha, sembuse filamu.

Bando nalo huliwa kwa kipimo. Netflix, ambayo ilianzishwa mwaka 1997 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta na ikaanza kutiririsha mwaka 2007, inaeleza kwamba picha ya ubora wa kawaida inaweza kutumia hadi GB 1 kwa saa, na picha ya ubora wa juu hadi GB 3. Kwa hiyo anayepiga hesabu ya ada ya mwezi peke yake amehesabu nusu ya gharama.

Lakini neno zito katika jina la huduma hizi ni familia. Filamu zenyewe zimejaa kila mahali. Kinachouzwa hapa ni uchaguzi, yaani kuna mtu aliyekaa, akatazama, akaamua kwamba hii inafaa kutazamwa na wote na ile haifai. Uchaguzi huo hufanywa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuweka ghalani zile tu zilizopita mtihani, au kutenga ndani ya ghala kubwa chumba cha watoto chenye namba ya siri. Ya pili ni kuichukua filamu yoyote na kuruka sehemu zake zenye matusi, damu au utupu. Wakati wa deki za kanda, kazi hiyo ya pili ilifanywa na baba mwenye rimoti, ambaye alikwisha kuiona filamu peke yake usiku uliotangulia na akajua ni wapi pa kukimbiza. Marekani iliitungia sheria mwaka 2005, ikaruhusu kaya kutumia teknolojia ya kuruka sehemu hizo nyumbani mradi isitengenezwe nakala ya kudumu ya filamu iliyokatwa. Kampuni ya VidAngel ya jimbo la Utah, iliyotiririsha filamu zilizochujwa kwa njia hiyo, iliegemea sheria hiyo, lakini Disney na wenzake waliishtaki mwaka 2016 kwa kunakili filamu zao kutoka kwenye diski bila kibali, na mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama likaitoza dola milioni 62.4. Kosa lilikuwa namna filamu zilivyopatikana, wala halikuwa wazo la kuchuja.

Mtihani huo wa kufaa, hata hivyo, hutungwa na watu wenye sebule zao. Madaraja ya filamu ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1968 na kuongezewa PG-13 (tahadhari kwa watoto wa chini ya miaka 13) mwaka 1984, humpima mtoto: je, ataogopa, atajifunza tusi, ataona utupu? Katika nyumba ya Tanga mtoto ni sehemu tu ya swali. Swali zito ni nani ameketi na nani. Filamu ambayo mume na mke wangeitazama bila wasiwasi haitazamiki mkwe akiwa kwenye kochi la pili, wala kaka hawezi kuitazama na dada yake. Katuni ya watoto wadogo, yenye daraja safi kuliko yote, huweza kumalizikia kwa busu la bwana harusi na bibi harusi. Hapo baba hukohoa, shangazi hukumbuka ghafla kwamba ameacha chai jikoni, na mjukuu huulizwa swali la shule ambalo hakuna anayehitaji jibu lake. Hakuna daraja la kigeni linalolipima jambo hilo, na sidhani kama ni kosa lao, kwani hawakututengenezea sisi. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 huweka ukaguzi mikononi mwa Bodi ya Filamu, lakini bodi haiwezi kujua nani yuko sebuleni kwako leo baada ya isha.

Kwa hiyo anayetaka kujiunga afungue kwanza orodha ya filamu zilizomo, kwa kuwa haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi na kwa muda maalumu, na filamu iliyomo Marekani huenda isiwemo hapa, au ikawemo leo na kuondoka mwezi ujao. Aangalie pia kama muda wa majaribio ya bure ukiisha kadi yake ya benki itakatwa pesa yenyewe. Huduma nyingi huruhusu kupakua filamu wakati bando ni la bei nafuu ili itazamwe baadaye bila mtandao, ila filamu hiyo hufunguka ndani ya programu ile ile tu, hujifunga baada ya muda, na haihamishiki kwenye flashi.