Dharau ndani ya nyumba: maswali na majibu

Mimi na mume wangu hatukosi ugomvi kila wiki. Hiyo ndiyo dharau?

Si lazima. Aliyekasirika ana dai: umechelewa, umegusa pesa ya karo, hukupokea simu. Dai likijibiwa, hasira hupoa. Mwenye dharau hadai kitu. Keshaamua kwamba wewe hufai.

Chukua mwendesha boda boda wa Kondele, Kisumu, anayerudi jioni na kuweka shilingi 300 mezani. Mkewe akisema, "Hizi hazitoshi, na mwenye nyumba anakuja kesho," amekasirika, tena ana haki. Lakini akizishika noti kwa ncha za vidole, asonye, kisha awageukie watoto, "Oneni baba yenu alichowaletea," hapo mambo ya kodi yameisha. Kinachopimwa sasa ni mtu.

Wanaume nao hawajambo. Kuna anayemcheka mkewe mbele ya wageni kwa kukosea neno la Kiingereza. Kwangu mimi hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mke akilalamika ataambiwa hajui utani.

Nitaijuaje kabla haijafika kwenye maneno?

Tazama uso. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani Paul Ekman na Wallace Friesen walieleza alama yake: kona moja ya mdomo hukazwa na kupanda kidogo, upande mmoja tu. Huku kwetu ongeza msonyo, na yale macho ya kukupandisha na kukushusha.

Kweli inavunja ndoa?

John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, na mwenzake Robert Levenson waliwarekodi wanandoa wakibishana, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Gottman anataja tabia nne za hatari: kumshambulia mtu badala ya kosa, dharau, kujitetea kila saa, na kununa bila kujibu. Kati ya hizo, anasema dharau ndiyo inayoashiria talaka kuliko zote.

Na mwili unaumia?

Msongo wa kila siku huharibu usingizi na kudhoofisha kinga. Katika utafiti wa Ohio, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, wanandoa 42 walitiwa malengelenge madogo mkononi. Waliokuwa na uhasama mwingi walipona kwa kasi ya takriban asilimia 60 ya wenzao. Kilichopimwa pale ni uhasama kwa jumla, lakini dharau ni mojawapo ya sura zake.

Mwenye dharau ni mimi. Nianzie wapi?

Mara nyingi chini yake kuna kinyongo cha zamani ambacho hakikuwahi kusemwa. Kiseme, kama ombi: "Nataka tupange kodi pamoja kabla ya tarehe tano." Mkipandwa na hasira, achaneni kwa dakika 20 hivi, kisha mrudi. Gottman aliona kwamba ndoa zinazodumu huwa na mambo mema kama 5 kwa kila baya 1 hata katikati ya ubishi. Na kama ulimdharau mbele ya watoto, mshukuru wakiwa papo hapo wanasikia.

Mama mkwe anasema nivumilie tu.

Shida ya pesa mnaweza kuivumilia pamoja. Kudhalilishwa kila siku ni jambo jingine: sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu pia mateso ya kihisia. Piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nchini Kenya, simu ni bure, hata kama hujawahi kupigwa kofi.